Filamu za Chakula: Tuziamini kwa Kiasi Gani?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Kilosa)



Kamati iliponiandikia barua ilinitaka niseme machache kuhusu afya, kwa kuwa kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu ni ya utabibu katika vituo vya afya vya wilaya hii. Baadaye nikapata habari kwamba leo chama chetu kinaikabidhi shule televisheni kubwa, na kwamba vijana wameomba waonyeshwe, pamoja na mambo mengine, filamu za maelezo kuhusu chakula na lishe. Nikaona basi hapo ndipo penye maneno. Kwa filamu za maelezo nina maana ya zile zisizoigizwa, ambazo mtengenezaji wake anatuambia: haya ninayowaonyesha ni mambo ya kweli. Swali langu ni moja tu. Filamu hizi zikituambia tule hiki na tuache kile, tuziamini kwa kiasi gani?

Nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa filamu. Filamu njema humfundisha mtu kwa saa moja jambo ambalo kwa kitabu lingemchukua juma zima. Tena ziko filamu za lishe zilizowafanya watu wengi wapunguze soda na chumvi, na hilo ni jema. Lakini chombo chenye nguvu kinahitaji mtumiaji mwenye akili. Kisu kikali ni kitu kizuri jikoni, wala hatumpi mtoto mchanga akichezee.

Wengi wetu tulipelekwa Mikumi tulipokuwa hapa shuleni, na vijana wa leo nao hupelekwa. Hifadhi ile imekuwapo tangu mwaka 1964, nayo ni jirani yetu. Ukitoka hapa ukapita Ulaya, umekaribia. Haya, yeyote aliyebahatika kumwona simba aniambie: ulipomwona, simba alikuwa anafanya nini? (Sauti kutoka nyuma: "Amelala!") Naam. Amelala chini ya mti, na nzi usoni. Simba hulala na kupumzika hadi saa 20 kati ya saa 24. Sasa itazame filamu ya simba. Ananyatia, anarukia, anaangusha nyati, anapigana na fisi, na kabla hujapumua ananyatia tena. Kila picha iliyomo ni ya kweli. Hakuna mtu aliyevikwa ngozi ya simba. Hata hivyo, mtu anayemjua simba kwa filamu peke yake atadhani kwamba ni mnyama asiyejua kupumzika. Amepotoshwa, na hakuna aliyemwambia neno hata moja la uongo. Amepotoshwa na zile saa 20 zilizokatwa.

Vijana, likumbukeni jambo hilo, maana ndilo msingi wa yote nitakayosema. Mtengenezaji wa filamu hupiga picha kwa miezi au miaka, kisha hutuonyesha saa moja na nusu. Lazima akate, hana njia nyingine. Basi mtu mwenye busara anapotazama haishii kuuliza kama aliyoonyeshwa ni ya kweli. Huuliza pia: ni nini kilichokatwa?

Tuchukue mfano unaojulikana duniani. Mwaka 2004 Mmarekani aliyeitwa Morgan Spurlock alitoa filamu inayoitwa Super Size Me. Kwa siku 30 alikula chakula cha mikahawa ya McDonald's tu, asubuhi, mchana na jioni. Uzito wake ukaongezeka kwa kilo 11 hivi, akawa mchovu na mwenye huzuni, na daktari wake akashangaa kuona ini lake linaelekea kuwa kama la mlevi. Watu wakaitazama kwa mamilioni, na shule nyingi za huko zikaitumia kufundishia. Mwanzoni mwa filamu daktari alimwuliza kuhusu pombe, naye akajibu kwamba kwa wakati ule hatumii. Orodha kamili ya vyakula alivyokula hakuitoa hadharani, hata watu wengine wapate kuihakiki hesabu yake. Kisha mwezi Desemba 2017 aliandika mwenyewe kwamba alikuwa amekunywa pombe tangu ujana wake, na kwamba katika miaka 30 hakuwahi kumaliza zaidi ya wiki moja bila kulewa. Spurlock alifariki mwaka 2024, nami simtaji ili kumsimanga marehemu. Namtaja kwa sababu ini lile lilikuwa mojawapo ya mambo makubwa katika filamu, na maelezo mengine ya ini lile hayakuonyeshwa.

Je, tuseme basi kwamba chipsi na soda kila siku ni chakula bora? La hasha. Mafuta mengi, chumvi nyingi na sukari nyingi hudhuru, na ushahidi wake upo tele bila ya Spurlock. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja, hasa akiwa yeye ndiye mtengenezaji wa filamu, ndiye mgonjwa, na ndiye msimulizi, si ushahidi wa kutosha kwa jambo lolote. Neno lenyewe linaweza kuwa la kweli na bado shahidi wake akawa dhaifu. Tujifunze kutenganisha mambo hayo mawili.

Sisi Watanzania tuna sababu ya kuyajua haya kuliko wengi, maana tumewahi kuwa upande wa pili wa kamera. Mwaka huohuo wa 2004 Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, alitoa filamu ya Darwin's Nightmare kuhusu sangara wa Ziwa Victoria. Ilionyesha minofu ikipakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, na vichwa na mifupa, yaani mapanki, vikianikwa juani kwa ajili ya wananchi, na ikadokeza kwamba ndege hizo huja na silaha. Filamu ilisifiwa sana ng'ambo, hata ikateuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Hapa nchini mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Mapanki yalikuwapo kweli, na umaskini ulikuwapo kweli. Lakini mtu aliyeishi Mwanza alikuwa na kitu ambacho mtazamaji wa Paris hakuwa nacho: aliijua Mwanza yote, pamoja na sehemu ambazo kamera haikuzigeukia, na kwa hiyo aliweza kuipima filamu. Sasa jiulizeni: filamu kuhusu vyakula vya Marekani tutaipima kwa kitu gani, sisi tusioijua Marekani?

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Katika mabishano ya ng'ambo kuhusu nyama na mafuta, Mmasai ni shahidi anayeitwa mara kwa mara. Miaka ya 1960 Profesa George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alikuja Tanganyika kuwachunguza Wamasai. Mwaka 1964 yeye na wenzake waliandika kwamba watu hawa wanakula maziwa na nyama kwa wingi, lakini mafuta ya damu yao, yaani kolesteroli, yako chini, na dalili za ugonjwa wa moyo ni chache mno. Mpaka leo wapenzi wa nyama wanauegemea uchunguzi huo. Lakini mwaka 1972 Mann huyohuyo alichapisha matokeo ya kuichunguza mioyo ya Wamasai 50 waliokwisha kufariki. Akakuta mafuta yameganda katika mishipa yao pia, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri ya umri, hata damu ikapata njia; naye akadhani huenda ni kwa sababu ya kutembea kwao kwingi. Basi Mmasai mmoja amekuwa shahidi wa pande mbili! Mwenye kutaka kusifu nyama humtaja wa 1964, na mwenye kutaka kuilaani humtaja wa 1972. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Na Mmasai mwenyewe? Sisi wa Kilosa hatuhitaji filamu ya kutujulisha Mmasai. Tunaye Twatwatwa, tunaye Parakuyo, tumekaa naye dawati moja katika shule hii, na wengine wamo humu ukumbini. (Makofi.) Siku ya mnada mama wa Kimasai huja na maziwa. Anaporudi nyumbani amebeba nini? Amebeba unga wa mahindi, sukari na majani ya chai. Filamu inayosema kwamba Mmasai anaishi kwa maziwa, nyama na damu tu imemkata kiroba cha unga begani.

Sasa niseme juu ya hesabu, na hapa walimu wa hisabati wanisaidie. Mwaka 2017 ilitoka filamu iitwayo What the Health. Katika filamu hiyo mtazamaji anaambiwa kwamba kula yai moja kila siku ni kubaya sawa na kuvuta sigara tano. Wataalamu wengi wa lishe waliikataa hesabu hiyo. Filamu ilitaja pia tangazo la wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani la mwaka 2015, walioziweka nyama za viwandani, kama soseji, katika fungu moja na tumbaku. Tangazo hilo ni la kweli. Lakini fungu lile linaonyesha wataalamu wana hakika kiasi gani kwamba kitu kinaweza kuleta saratani. Halionyeshi kinaleta kwa wingi kiasi gani. Mwizi wa kuku na mwizi wa benki wote wanaweza kuwa na hakika ya hatia mahakamani, lakini mali waliyochukua hailingani.

Wataalamu walisema kwamba gramu 50 za nyama za namna hiyo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Mtu akisikia 18 anadhani watu 18 katika kila 100 watakufa. Sivyo. Tuseme kwa mfano kwamba katika watu 100 wasiokula soseji, 5 wangepata ugonjwa huo maishani mwao. Asilimia 18 ya watu 5 haifiki mtu mmoja. Basi katika wala soseji 100 watakuwa karibu 6. Huyo mmoja ni binadamu, na hatumdharau. Mwenye kula soseji kila siku afadhali apunguze. Lakini hofu inayotoka kwenye "mmoja katika mia" si sawa na ile inayotoka kwenye "kumi na nane". Vijana, filamu ikikutajia asilimia, daima uliza: asilimia ya wangapi?

Tena tuulize filamu ile ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Imetoka Ulaya na Marekani, nami sisemi Ulaya yetu hii ya njia ya kwenda Mikumi! (Kicheko.) Ilitengenezwa kwa mtu anayekula nyama mara mbili kwa siku na mayai matatu asubuhi. Kwetu mambo ni mengine. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2015-16 walikuwa asilimia 34. Tunapiga hatua, lakini bado ni watoto watatu katika kila kumi. Katika nchi ya namna hiyo, yai la kuku wa kienyeji analolipata mtoto mara moja kwa juma si sigara. Ni kitu cha kujenga mwili, na anayemnyima mtoto yai lile kwa sababu ya filamu amechukua dawa ya mgonjwa wa jirani akamnywesha mwanawe asiyeugua.

Jambo lingine ni fedha. Kila kazi ina mlipaji wake, na si dhambi kulipwa. Lakini mtazamaji ana haki ya kumjua mlipaji. Sisi tunaishi na sukari. Miwa tunaiona Ruembe na Msolwa, na watu wetu wengi wanapata riziki humo. Basi tujue kwamba mwaka 1967 jarida kubwa la udaktari la Marekani lilichapisha maandiko ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard yaliyoupunguza uzito wa lawama dhidi ya sukari na kuyatupia lawama mafuta. Mwaka 2016, karibu nusu karne baadaye, watafiti waliozisoma barua za zamani walitangaza kwamba chama cha wenye viwanda vya sukari kilikuwa kimewalipa wataalamu wale dola 6,500, na wasomaji hawakuambiwa. Kwa upande wa pili, filamu ya The Game Changers ya mwaka 2018, inayowahimiza wanamichezo waache nyama, miongoni mwa wakuu waliosimamia utengenezaji wake ni James Cameron, ambaye yeye na mkewe walikuwa wameanzisha kampuni ya kutengeneza protini ya njegere. Unaona? Mwenye sukari ana mkono wake, na mwenye njegere ana wake. Hilo peke yake halithibitishi kwamba wamesema uongo, ila linatutaka tuyapime maneno yao mara mbili. Na kwa kuwa nimeitaja sukari, niseme nijualo: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana ashuke hadi 25. Chupa moja ya soda ya kawaida ina gramu 35 hivi, sawa na vijiko tisa vya chai. Filamu inayokuambia upunguze soda imesema vema, hata kama imesema kwa kelele.

Ndugu zangu, sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa ukoo wetu, mkulima wa upande wa Kimamba, alikuwa na kisukari cha siku nyingi, naye alikuwa akijidunga sindano za insulini kila siku. Mjukuu wake, kijana mwema wa kidato cha tatu katika shule nyingine, alikuja likizo na simu yenye filamu ya ng'ambo. Ilionyesha watu wenye kisukari waliokula vyakula vibichi kwa mwezi mmoja, wakaacha dawa, wakatoka wakicheka na kukumbatiana. Kijana akamfasiria bibi yake neno kwa neno. Bibi akafurahi, maana sindano zilikuwa zimemchosha na nauli ya kuzifuata ilikuwa imemchosha zaidi. Akaziacha siku hiyohiyo, akaanza kula matango, karoti na mapapai. Siku ya sita alipelekwa hospitali akiwa hajitambui. Tunamshukuru Mungu, wauguzi na madaktari walimwokoa, naye yu hai mpaka leo. Lakini macho yake hayakurudi kuwa kama zamani.

Baadaye nilikaa na yule kijana tukaitazama filamu ile pamoja, tangu mwanzo. Mwanzoni kabisa, kwa muda usiozidi kufumba na kufumbua, yalipita maandishi madogo yaliyosema mtu asibadili dawa bila ya daktari wake. Kijana hakuyafasiri; yalikuwa madogo, nayo hayakuwa na sauti. Tena katika filamu yenyewe daktari alikuwapo kila siku, akipima damu, akipunguza dawa kidogo kidogo. Hayo nayo yalipita upesi. Kilichokaa moyoni ni kicheko cha mwisho.

Na angalieni jinsi jambo lilivyo gumu: filamu ile haikuwa ya uongo mtupu. Mwaka 2017 ulitangazwa uchunguzi mkubwa wa Uingereza juu ya watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili, wale ambao hawakuwa wameugua zaidi ya miaka sita na hawakuwa wakitumia insulini. Nusu yao walipewa chakula kidogo sana cha mpango maalumu ili wapungue uzito, na dawa zao zikasimamishwa chini ya macho ya wataalamu. Baada ya mwaka mmoja, karibu watu 46 katika kila 100 wa kundi hilo sukari yao ilikuwa imeshuka bila dawa, ambapo katika kundi la pili walikuwa 4 tu. Hiyo ni habari kubwa na ya kutia moyo. Lakini isomeni tena: wasiotumia insulini, wasiozidi miaka sita, chini ya macho ya wataalamu. Na hata hivyo zaidi ya nusu hawakufanikiwa. Mama yetu hakuwamo katika watu wale hata kwa jambo moja.

Basi kipimo changu ni hiki, nanyi kipokeeni kama mkikiona kinafaa. Kadiri filamu inavyokutaka uache kitu kikubwa, ndivyo inavyopaswa kukuletea ushahidi mkubwa. Ikikuambia uongeze matembele na kunde, jaribu. Huna cha kupoteza. Ikikuambia uache soda, jaribu. Ikikuambia umnyime mtoto maziwa au yai, simama, kaulize. Ikikuambia uache dawa, usisogee hata hatua moja mpaka umefika kwa mganga wa kituo chako. Akili za kuambiwa, changanya na zako.

Kuna na jambo ambalo filamu za mbali hazituambii kamwe, kwa kuwa si tatizo la watengenezaji wake. Wilaya yetu ni ya mahindi na karanga. Adui aliyemo ndani ya mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri ni sumukuvu. Haionekani kwa macho, haina ladha, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika Kenya ya mashariki. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, majirani zetu hawa. Anayeogopa yai kwa sababu ya filamu, huku akisaga mahindi yaliyoota ukungu, amefunga dirisha na kuuacha mlango wazi. Kausha mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, chambua yaliyovunjika na kubadilika rangi, hifadhi pakavu. Hakuna mtu atakayepewa tuzo kwa kutengeneza filamu hiyo, lakini inaokoa maisha.

Mtaniuliza: basi tufanyeje na televisheni hii, tuirudishe dukani? (Kicheko.) Hapana. Wazee wenzangu wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Radio Tanzania walifundisha afya kwa redio kwa wiki 12, na watu wazima wapatao milioni mbili wakashiriki. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, juu ya lishe. Nilikuwa kijana mdogo, nikamwona baba yangu na wenzake wamekaa chini ya mwembe na redio moja. Lakini redio haikuja peke yake. Ilikuja na kitabu, na ilikuja na kiongozi wa kikundi aliyefunzwa. Kipindi kikiisha redio ilizimwa, nao wakaulizana: haya tuliyosikia, hapa kijijini kwetu yakoje? Nani hana choo? Nani ana mboga? Kisha wakachimba. Baadhi ya mafundisho ya lishe ya wakati ule wataalamu wameyarekebisha tangu hapo, nalo si jambo la aibu, maana ujuzi hukua. Lakini desturi ile ya kuzima chombo na kuulizana haijazeeka.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba pamoja na televisheni tuikabidhi shule daftari moja kubwa. Likae kando ya televisheni, na kila filamu ya chakula ikiisha, kabla watu hawajatawanyika, wanafunzi wajibu humo maswali manne: Nini kilichokatwa? Nani aliyelipa? Wangapi katika mia? Na je, inatutaka tuache nini? Siku ya kujibu aalikwe mwalimu wa baiolojia, na mara mojamoja aalikwe afisa lishe wa wilaya, ambaye yuko hapahapa mjini wala hahitaji kiingilio.

Na ninyi vijana, neno la mwisho ni lenu. Katika nyumba nyingi za wilaya hii ninyi ndio mnaojua Kiingereza, na ninyi ndio mnaoshika simu. Bibi hataitazama filamu. Atakutazama wewe unayemfasiria. Atakayemwamini si mtu wa Marekani, bali ni mjukuu wake. Huo ni mzigo mkubwa kwa mtu wa miaka 16, lakini ndio ulioangukia mabegani mwenu. Basi mkifasiri, fasirini na maandishi madogo.